Gofu la msikiti wa mawe ya matumbawe linapasuka, masika yanakaribia: tuanzie wapi?

MwanaBamvua aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaozijua kazi za majengo ya kale.

Kijijini kuna gofu la msikiti mdogo, pwani ya kusini mwa Tanzania. Ukuta wa kibla bado umesimama: urefu mita 6, kwenda juu mita 3 na nusu, unene nusu mita. Mihrabu ipo, na fremu yake ni ya yale matumbawe laini yaliyochongwa. Hali ilivyo sasa ni hivi. Kuna ufa wima kushoto mwa mihrabu. Juu kidole kinapita, chini unaishia kama uzi. Mtini pori umeota kichwani mwa ukuta na mzizi wake mmoja umeteremka ndani ya ufa huo huo. Upande wa nje, chini, kuna kiraka cha saruji cha miaka ya nyuma. Kinabanduka vipande vipande na nyuma yake ni unga mweupe. Maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hufika hatua 12 kutoka kona ya kaskazini.

Kamati imepata msaada wa mifuko 20 ya saruji. Fundi anataka kupiga lipu ukuta mzima pande zote mbili na kumwaga mkanda wa zege juu. Wengine wanasema mti ung'olewe kwanza. Masika yamebaki miezi miwili na nusu. Kipi kifanyike na kipi kisiguswe? Na je, UNESCO wanaweza kutusaidia?

---

Timazi alijibu:

Mkuu, kabla ya mwiko kuna karatasi. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania Bara, jengo lililojengwa kabla ya 1863 ni kumbukumbu ya kihistoria na linalindwa, liwe na kibao au lisiwe nacho. Kulipiga lipu, kulibomoa hata kipande, au kuchimba pembeni yake bila kibali ni kosa. Andikeni barua kupitia ofisi ya kijiji na ya wilaya (afisa utamaduni) kwenda Idara ya Mambo ya Kale, mwambatanishe picha na vipimo. Barua yenye picha nzuri huenda haraka kuliko malalamiko matupu.

Hizo picha zipigeni hivi. Tafuteni fito ya mita 1, ipakeni rangi nyeusi na nyeupe kila sentimita 10, isimamisheni ukutani. Pigeni asubuhi mapema au siku ya mawingu ili kivuli kisidanganye. Tembeeni sambamba na ukuta, kila picha irudie angalau theluthi mbili ya picha iliyotangulia. Simu ya kawaida inatosha. Picha 80 hadi 120 za namna hiyo zinaweza kutengenezwa kuwa umbo kamili la pande tatu kwenye kompyuta hata miaka mitano baadaye, mradi zisipunguzwe ukubwa kwa kutumwa WhatsApp. Zihifadhini sehemu mbili tofauti. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa mashine za leza. Nyinyi hamna leza, lakini kumbukumbu ya picha ikipangwa vizuri inaokoa jengo likianguka usiku mmoja.

Sasa ufa. Ufa mpana juu na mwembamba chini maana yake kipande kimoja cha ukuta kinazunguka kwenda nje, ama kwa kusukumwa na mzizi, ama kwa kona kuzama. Kipi kati ya hivyo, macho hayatakwambia. Bandikeni vipande vya kioo chembamba (upana sentimita 3, urefu 10) kukatiza ufa sehemu tatu: juu, kati, chini. Gundi iwe plasta ya jasi au chokaa, ncha mbili tu, katikati kioo kiwe huru. Kila kioo kiandikwe tarehe. Kikipasuka, ukuta unatembea. Pia pigeni alama mbili za penseli kila upande wa ufa na mpime umbali wake kila baada ya wiki mbili, saa ile ile ya siku, kwa sababu jua la mchana hutanua mawe.

Teremsheni timazi (kamba yenye uzito nchani) kutoka kichwa cha ukuta. Kwa ukuta wa unene wa sentimita 50, kichwa kikiwa kimetoka nje zaidi ya sentimita 16 kulinganisha na chini, uzito umevuka theluthi ya kati ya unene wake na upande mmoja wa ukuta haubebi tena. Hapo hakuna kupanda juu kufanya lolote; wekeni mihimili ya kuegemeza kwanza.

Mihimili yenyewe: nguzo mbili za mbao za inchi 4 kwa 4, zinazogusa ukuta mita 2.5 kutoka ardhini, mguu wake ukae kama mita 1.1 kutoka ukutani. Isigusane na mawe moja kwa moja. Wekeni kwanza ubao wa 2 kwa 8 uliosimama, na nyuma yake magunia yaliyokunjwa. Chini msichimbe, lazeni ubao mpana na muufunge kwa viroba vya mchanga. Kabari zikazwe kwa mkono na kugongwa kidogo tu. Kosa linaloangusha kuta ni fundi kupiga kabari kwa nyundo kubwa akidhani anaurudisha ukuta. Haurudi huo. Kazi ya mhimili ni kuuzuia ulipo.

---

ChokaaMbichi alijibu:

Timazi kasema ya kwanza, mimi nasema ya pili: hizo saruji 20 jengeeni vyoo vya shule, zitakuwa na baraka huko.

Saruji si mbaya kwa asili yake. Ni mbaya kwa ukuta huu. Jiwe la matumbawe lina matundu, linanyonya maji ya chini na hewa ya bahari yenye chumvi. Ukuta wa chokaa huyaacha maji yale yatoke taratibu kwenye maungio, na chumvi ikiganda inaganda kwenye chokaa, ambayo unaikwangua na kuiweka upya. Ukiziba uso kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, au yanakaukia nyuma ya lipu, na chumvi inaganda ndani ya jiwe lenyewe. Chembe za chumvi zinapokua hupasua vitundu vya jiwe. Huo unga mweupe uliouona nyuma ya kiraka si saruji iliyooza. Ni jiwe lenu. Zaidi ya hapo saruji ni ngumu kuliko jiwe: ukuta ukisogea kidogo, chokaa hupasuka vinyufa vya uzi, saruji hukaa kama ganda kisha hubanduka na uso wa jiwe.

Mkanda wa zege juu ndio hatari kuliko vyote. Ni mzigo wa zaidi ya tani moja juu ya ukuta uliopasuka (mita 6 kwa nusu mita kwa sentimita 15 ni mita za ujazo 0.45, na zege ni kama tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo). Ukuta ukianza kuachia, mkanda hushuka mzima.

Kiraka cha zamani msikiparamie kwa tindo. Gongeni taratibu kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu kimeshaachia, kitoeni kwa mkono. Panapolia kwa uzito kimeshika, kiacheni hadi kiachie chenyewe, kwa sababu mkikilazimisha kitaondoka na jiwe. Mahali palipofunuliwa brashini kwa brashi laini kavu, mkusanye unga wote kwenye karai na kuutupa mbali. Ukiachwa chini ya ukuta, mvua moja inaurudisha ndani.

Sasa udongo wa kujengea. Sehemu 1 ya chokaa iliyoiva, sehemu 3 za mchanga. Kwa maungio ya ukuta huu, mkishughulikia mita 20 za mraba na kuchimbua maungio sentimita 3 ndani, mnahitaji takriban lita 170 za mchanganyiko: madebe 9 ya mchanga na madebe 3 ya chokaa (debe la lita 20). Ongezeni debe la mchanga na nusu debe la chokaa kwa kumwagika. Msishangae kuwa jumla haifiki madebe 12. Chokaa hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, haiongezi ujazo.

Mchanga usiwe wa ufukweni hata ukioshwa mara kumi na watu wasio na subira. Uwe wa mto, mkali mkononi, wenye chembe kubwa na ndogo. Jazeni chupa nusu mchanga, ongezeni maji na chumvi kijiko kimoja, tikiseni, acheni saa tatu. Utando wa udongo juu ukizidi kama asilimia 6 ya kimo cha mchanga, osheni au tafuteni mwingine. (Chumvi hiyo ni ya kupima tu, si ya kujengea!)

Sehemu zenye unyevu daima, yaani nusu mita ya chini, chokaa peke yake hukawia kuwa ngumu kwa sababu hukaza kwa hewa. Hapo ongezeni unga wa matofali ya kuchoma uliopepetwa kwa chekeche la unga: chokaa 1, mchanga 2, unga wa tofali 1. Tofali liwe lililochomwa kwa moto wa wastani. Lililoiva kupita kiasi hadi kung'aa halifanyi kazi.

Namna ya kuweka: lowesheni maungio kwa maji baridi matamu jioni na tena nusu saa kabla ya kazi. Jiwe liwe na unyevu bila kutiririka. Bonyezeni mchanganyiko mkavukavu, usiong'ang'ania mwiko, kwa tabaka zisizozidi sentimita 1.5. Tundu kubwa jazeni kwa vijiwe vidogo kwanza, kisha chokaa, maana chokaa nene peke yake hunywea na kupasuka. Ikishaanza kukaza gongeni kwa ncha za brashi ngumu. Usiipake ikawa laini kama ukuta wa dukani, uso laini hufunga matundu.

Halafu funikeni kwa magunia ya katani yaliyolowa, mnyunyizie asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku 7, ikiwezekana 14. Kipindi hiki cha kaskazi upepo ni mkavu na jua ni kali. Kazi nyingi za chokaa zinazolaumiwa kuwa "dhaifu" hazikuwa na kosa la uwiano. Zilikauka siku ya kwanza kabla ya kuwa ngumu, zikabaki vumbi lililosimama.

---

ZegeTupu alijibu:

Kwa uzoefu wa site nyingi, weka chokaa lakini changanya karai moja ya simenti kila mzigo. Inakaza haraka na masika hayasubiri.

---

ChokaaMbichi alijibu:

Hiyo ndiyo dawa inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kimyakimya. Saruji kidogo haikupi nguvu ya saruji. Inaanza kukaza mapema, kisha chokaa inayobaki ikinywea, mshikano unakatika ndani na udongo unakuwa dhaifu kuliko chokaa tupu. Na chumvi za saruji zinaingia ukutani vilevile. Kama haraka ndiyo shida, unga wa tofali unakupa ukazaji wa mapema bila hizo chumvi. Ipo pia chokaa ya kiwandani inayokaza kwa maji, inaagizwa kutoka Ulaya, lakini kwa gofu la kijijini bei yake haina maana.

---

MwanaBamvua aliandika:

Nashukuru sana, nimeelewa. Saruji itapelekwa shuleni. Maswali mawili: chokaa iliyoiva tutaipata wapi, hiyo ya mifuko ya dukani inafaa? Na mti vipi?

---

ChokaaMbichi alijibu:

Njia ya asili ni mawe ya chokaa kuchomwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900 hadi yawe mepesi na meupe, kisha kuzimwa kwa maji. Msichome mawe yaliyoanguka kutoka gofu, na matumbawe hai ya baharini ni marufuku. Mkinunua chokaa ya tanuri isiyozimwa, kumbukeni neno moja: chokaa huingizwa kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya chokaa. Pipa liwe la chuma, maji madebe 3, ndipo muingize debe 1 la chokaa kidogo kidogo huku mkikoroga kwa mti mrefu. Inachemka kwelikweli na kurusha. Miwani, glavu, mikono mirefu, watoto mbali. Ikiingia jichoni osha kwa maji safi mengi dakika 20 na kwenda hospitali bila kusubiri. Chujeni kwa wavu wa milimita 3, iacheni kwenye shimo au pipa ikiwa chini ya maji vidole viwili. Wiki 3 ndiyo kiwango cha chini, miezi 3 ni bora. Ikiiva inashika kama siagi.

Ya mifuko inafaa kama bado hai. Ilowekeni kwenye maji hadi iwe uji mzito, angalau saa 24, wiki mbili ni nzuri zaidi. Lakini mfuko uliokaa ghalani unanyonya hewa na kurudi kuwa jiwe la unga. Pima: chukua kijiko cha chokaa, kamulia limau. Ikitoa povu kwa nguvu, imekufa. Ikinyamaza au ikitoa vipovu viwili vitatu, ni nzima.

---

MtiniPori alijibu:

Kuhusu mti, msiung'oe. Nitasema tena: msiung'oe, wala msiuchome moto. Mzizi wa mtini ulioko ndani ya ufa sasa hivi ni kabari na ni kamba kwa pamoja; unasukuma na unashikilia. Ukivutwa ukiwa hai unatoka na mawe ya robo ukuta. Moto nao hupasua matumbawe na ukiwa mkali huyageuza chokaa, kwa sababu ndicho kinachofanyika kwenye tanuri.

Utaratibu: mhimili wa kuegemeza uwekwe kwanza, kama Timazi alivyoeleza. Kisha punguzeni matawi kwa msumeno wa mkono, vipande vidogo, kila kimoja kishushwe kwa kamba. Panga linatikisa ukuta, msitumie. Anzeni upande ambao ukuta umeinamia, ili mzigo upungue huko kwanza. Kisiki kikibaki sentimita 15 juu ya ukuta, toboeni matundu ya milimita 10 kuzunguka pembeni, kila sentimita 5, yakiinama chini. Ndani ya dakika chache baada ya kukata, jazeni dawa ya kuua magugu aina ya glifosati isiyozimuliwa, kwa bomba la sindano. Mkisubiri hadi kesho yake utomvu unaziba na dawa haiingii. Funikeni kisiki kwa nailoni ili mvua isioshe dawa ikaingia kwenye mawe.

Mzizi wa chini ya ukuta ukateni sehemu moja, mtoe kipande cha sentimita 10, mpake dawa ncha zote mbili. Halafu subirini. Miezi 6 hadi 12. Chipukizi likitokea, rudieni. Mzizi ukishakufa na kusinyaa ndipo mnautoa kipande kipande, na tundu lake mnalijaza siku hiyo hiyo kwa vijiwe na chokaa. Kuuacha uoze ndani ni kosa la pili kwa wingi: unaacha bomba tupu la kupitisha maji ya mvua moja kwa moja hadi kwenye moyo wa ukuta, na mchwa wanahamia.

Majani madogo na kuvu nyeusi ukutani si adui wa kukimbizana naye mwezi huu. Na kama kuna mbuyu mkubwa karibu, usiuguse. Mara nyingi unakinga upepo na hauna shida na ukuta.

---

Timazi alijibu:

Naona tupange kwa miezi iliyopo, maana chokaa inataka angalau mwezi kabla ya mvua kubwa, na mkijaribu kufanya yote hamtamaliza lolote.

Kabla ya masika: barua, picha, vioo vya ufa, mihimili, kupunguza mti, na kichwa cha ukuta. Basi. Maungio ya chini na ufa wenyewe visubiri Juni, mvua zikiisha na vioo vikiwa vimetoa jibu.

Kichwa cha ukuta ndicho mlango wa maji. Ondoeni udongo na mizizi midogo kwa mkono hadi mfike kwenye mawe yaliyoshika, msisawazishe kwa kubomoa. Rudishieni mawe yaliyolegea mahali pale pale, kila moja likiwa limeandikwa namba kwa chaki kabla ya kuinuliwa. Juu yake pigeni sakafu ya chokaa: chokaa 1, mchanga 2, vijiwe vya matumbawe vya ukubwa wa korosho 2, unga wa tofali nusu. Unene sentimita 7. Kwa mita 6 hizo ni lita 210, takriban madebe 10 na nusu yakiwa yamekwisha kushindiliwa, kwa hiyo andaeni 13. Katikati iwe juu, pembeni ishuke, kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa. Pigeni kwa vibao vya mti siku tatu mfululizo, kila siku nusu saa asubuhi na jioni, huku mkinyunyiza maji ya chokaa. Nyufa za kunywea zitokee siku ya kwanza, mzipige zifunge. Kichwa kikiwa bapa maji hutuama, na mwaka mmoja baadaye mtakuta mche mwingine wa mtini hapo hapo, zawadi ya ndege.

Ufa msiuzibe kwa juu tu. Ukija wakati wake, utajazwa kwa uji wa chokaa: chokaa 1, unga laini wa tofali 1, maji hadi utiririke kama maziwa mazito. Kwanza mnaosha ndani kwa maji kidogo kutoka juu, mnaziba nyuso zote mbili kwa udongo wa mfinyanzi, mnaingiza virija (mirija midogo) kila sentimita 30. Ndoo iinuliwe mita 1 tu, uji ushuke kwa uzito wake, kuanzia kirija cha chini. Ukitokea kirija kinachofuata, zibeni cha chini, pandeni. Msizidi nusu mita ya kimo kwa siku. Pampu hapana: shinikizo la uji mbichi limefumua kuta nene kuliko huu.

Na msijenge upya kilichokosekana. Mkataba wa Venice wa 1964 unasema urejeshaji unakoma pale dhana inapoanza. Kama hamna picha au mawe yenyewe kuonyesha upinde ulikuwaje, uacheni ulivyo. Vivyo hivyo msichimbe mtaro wa kuondoa maji kando ya msingi. Mtaro wa nusu mita unakata sakafu, vigae na makaburi, yaani nusu ya historia ya msikiti. Maji yaondolewe kwa kuongeza mchanga usio na chumvi juu ya ardhi, uinamie nje, sentimita 5 kwa kila mita.

Kwa mihrabu: yale matumbawe laini yalichongwa yakiwa mabichi kutoka baharini, ndiyo maana yana nakshi kali. Hayaoshwi, hayabrashiwi, hayapakwi chochote. Ijazeni nafasi ya mihrabu kwa viroba vya mchanga wa mto hadi chini ya upinde wakati wa kazi, na kitambaa cha pamba kati ya kiroba na nakshi.

---

MchuNaMlilana alijibu:

Hatua 12 za bamvua si za kupuuzwa, ila msikimbilie kujenga ukuta wa bahari. Ukuta wima wa zege unarudisha nguvu ya wimbi chini, unachimba mchanga mbele yake, na ncha zake mbili zinakula ufuo wa jirani. Kwa gofu hilo jirani ni kona yenu ya kaskazini.

Pimeni kwanza. Vigingi vitatu kwa mstari kutoka kona kwenda baharini, mpime ukingo wa ardhi kila bamvua kubwa. Baada ya mwaka mtajua kama mnapoteza sentimita 20 au mita 2, na majibu ya hali hizo mbili hayafanani.

Kilwa Kisiwani wamepanda mikoko kupunguza nguvu ya mawimbi, na ni kazi ya wanakijiji. Kosa la kawaida la upandaji ni kuchomeka miche ya mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kushika. Upande unaotazama bahari wazi hustahimili mlilana na mchu, aina nyingine za miti ya mikoko. Mkoko unataka tope na utulivu wa nyuma yao, mkandaa nyuma zaidi. Na kama mikoko haikuwahi kuota hapo, ulizeni kwa nini kabla ya kupanda. Ufuo wa mawe na mchanga mkavu hautaubeba hata mchu. Hapo afadhali kuzuia uchimbaji wa mchanga na upitishaji wa mitumbwi juu ya ukingo, vitu viwili ambavyo kijiji kinaweza kuvikataza kesho bila fedha yoyote. Kukata mikoko kunahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), hata fito za jukwaa la kazi, kwa hiyo tumieni mbao.

---

BaraziNaBoriti alijibu:

Swali la UNESCO halijajibiwa. Kwa kifupi, UNESCO haichukui gofu moja kutoka kijijini. Nchi ndiyo inayopendekeza eneo, na kabla ya hapo liwe limeandaliwa kwa miaka. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014. Watu hudhani orodha hiyo ni adhabu au ni hundi. Kazi yake hasa ni kuandika wazi hali inayotakiwa ifikiwe na kuifuatilia kila mwaka. Makaburi ya Kasubi kule Uganda yaliungua Machi 2010, yakaorodheshwa hatarini mwaka huo huo, yakatoka 2023. Miaka 10 na 13. Masika yenu yamebaki miezi miwili na nusu.

Tena hadhi pekee haishikilii paa. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ilikuwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya eneo la urithi tangu 2000, na sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Ndiyo sababu nakubaliana na Timazi: mihimili kabla ya kila kitu, na watu wasikae chini ya ukuta wakati wa kazi.

Mnachoweza kupata karibu ni kutambuliwa na nchi, na fundi wa chokaa kutoka Kilwa, Bagamoyo au Zanzibar kwa siku kumi. Mlipeni afundishe vijana wanne wa hapo hapo. Angalieni Djenné, Mali: msikiti wa udongo unapakwa na wenyeji wenyewe kila mwaka, na fundi mkuu haagizwi kutoka nje. Ukuta wenu utataka siku mbili za kazi kila mwaka kabla ya masika: kufyeka, kung'oa miche kwa vidole ikiwa bado ina majani manne, kuziba vinyufa vya kichwa kwa maji ya chokaa.

---

MwanaBamvua aliandika:

Allah awalipe. Barua inaandikwa leo, mbao za mihimili zimepatikana. Tumenunua mifuko sita ya chokaa mjini, tumepima kwa limau kama mlivyosema: minne imenyamaza, miwili imetoa povu kama soda. Hiyo miwili tufanyeje?

---

ChokaaMbichi alijibu:

Rudisheni dukani mkiwa na limau mkononi, mumpimie muuzaji mbele yake. Akikataa, mwageni shambani kwenye udongo mchachu, mihogo haitalalamika. Ile minne ilowekeni leo hii, mfunike pipa.